Dabo besi yangu ilipofika Kisumu bila roho

Makanga aligonga begi kwa kidole mara mbili, akaniinamia: "Omera, ni mwili?" Simlaumu. Barabara ya Nairobi kuja Kisumu haikosi majeneza mwisho wa wiki, na mzigo wangu ulikuwa mrefu kama mtu mzima, umefunikwa kitambaa cheusi, umelazwa viti vya nyuma. Nikamfungulia zipu aone kichwa cha mbao na funguo zake nne: dabo besi, ile ala kubwa ya nyuzi inayosimamishwa kupigwa. Akacheka sana, kisha akanitoza viti viwili vilevile.

Nilikuwa nimepiga gita la besi miaka tisa kwenye bendi za benga, muziki wa magita wa Waluo: harusi, matanga, Jumapili kanisani. Kwetu neno "jazz" lilikuwa zamani kwenye majina ya bendi, Shirati Jazz ya D.O. Misiani, Victoria Jazz, ingawa walichopiga ni benga. Jazz ya Marekani nilikutana nayo kwenye simu, na kilichoninasa si tarumbeta, ni ile sauti nene ya chini inayotembea bila kupumzika. Mwanamuziki mmoja wa Nairobi alikuwa anahama nchi, akaniuzia dabo besi yake ya plaiwudi nilipe polepole. Wajuzi huidharau plaiwudi. Kwa mtu wa kando ya ziwa naiona baraka, maana haipasuki ovyo hewa inapobadilika.

Nikaisimamisha nyumbani Kondele, nikavuta uzi, ikalia kama debe. Kuitikisa, kitu kikaviringika ndani. Kumbe ni kile kijiti cha mviringo kinachosimama tumboni mwa besi, kati ya ubao wa mbele na wa nyuma. Wafaransa na Waitaliano hukiita roho. Hakina gundi wala msumari. Kinasimama kwa kubanwa kati ya mbao hizo mbili, na mkandamizo wa nyuzi hukikaza zaidi, nacho ndicho kinachopitisha mtikisiko wa ubao wa mbele hadi wa nyuma. Kikianguka, unalegeza nyuzi haraka, la sivyo zinaweza kuukandamiza ubao wa mbele hadi ubonyee. Mimi nilikaa dakika kumi nzima nikizivuta kwa hasira, ndipo nikampigia aliyeniuzia. Alinifokea mpaka nikaweka simu mbali na sikio.

Fundi wa kwanza alitaka kukibandika kwa gundi ya mbao. Nilibeba besi yangu nikatoka. Wa pili alikuwa mzee wa kutengeneza vitanda Kibuye, hajawahi kuona kitu kama hicho, lakini aliuliza kabla ya kugusa. Tulichukua chuma chembamba kwa wachomeleaji, akakipinda kama herufi S, akanoa ncha moja ikawa kisu. Unachoma kijiti kwa ile ncha, unakiingiza kupitia tundu la umbo la f kwenye ubao wa mbele, kisha unakisimamisha chini kidogo ya mguu wa daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, upande wa uzi mwembamba. Mimi nilishika tochi ya simu na kioo cha kunyolea. Kilianguka mara sita. Mara ya saba nilitaka kukigonga kwa nguvu.

"Usikilazimishe, kijana wangu. Kinakataa kwa sababu."

Sababu ilikuwa kwamba ubao una mviringo na ncha ya kijiti ilikuwa imelika, haikai sawa. Alipitisha msasa kidogo, akajaribu, akapitisha tena. Kiliposhika, tukakaza nyuzi taratibu, nikavuta ule mnene wa E. Mzee aliweka kiganja mgongoni mwa besi, akanitazama bila kusema kitu.

Kupiga kwenyewe kulikuwa na taabu zake. Mpangilio ni uleule wa gita la besi, E, A, D, G, kwa hiyo nilijidanganya kwamba ninajua. Lakini uzi wa gita la besi ni kama sentimita 86, wa kwangu ni 105, na hakuna vyuma vya kukuonyesha pa kubonyeza. Huku chini, kidole cha shahada hadi cha mwisho ni toni moja tu. Cha pete kinabaki kumsaidia mdogo wake. Malengelenge yalinitoka wiki tatu.

Kilichonichelewesha zaidi ni benga yenyewe. Katika benga besi inaruka, inajibizana na gita, inaacha nafasi. Katika jazz unapiga noti nne kila kipimo cha mapigo manne, na ya nne lazima ikufikishe unakokwenda. Kutoka F kwenda B flati nilikuwa napiga F, A, C, kisha B ya kawaida, nashuka nusu toni nyumbani. Nilizoea kwa kutembea kwa mguu kutoka Kondele hadi mjini nikiimba hizo noti, noti moja kila hatua. Watu walinipisha njia.

Kazi? Ron Carter, mpiga dabo besi wa jazz wa Marekani aliyeanzia kwenye chelo, alitambuliwa na Guinness mwaka 2015 kwa rekodi 2,221. Mimi ninazo mbili, moja ni tangazo la unga. Dabo besi hunipa Jumapili mbili kwa mwezi hotelini, gita la besi hulipa kodi ya nyumba, na sioni aibu.

Mvua za Aprili zikianza, mbao zinavimba, nyuzi zinapanda juu, vidole vinalia. Nimechonga daraja la pili, fupi, la msimu huo. Nikisafiri, naifunga blanketi kiunoni, naiegemeza kwa ubavu, nyuzi zikiwa zimekazwa ili zishike roho. Makanga wa Eldoret wameshanizoea. Juzi mmoja aliniona kutoka mbali, akafungua mlango wa nyuma akipiga kelele, "Mgonjwa amekuja, mpisheni!"

Viti viwili, bado.