Uzoefu wangu wa BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni kwa mwanachuo wa ualimu): kumzoesha mwanafunzi kufanya hesabu bila kunisubiri

"Mwalimu, turuke mstari?" "Mwalimu, niendelee?" "Mwalimu, hii ni sawa?" Hisabati Darasa la Tano, wanafunzi 74, kipindi cha dakika 40: maswali ya aina hii ndiyo yaliyokuwa yakila muda. Hakuna hesabu ndani yake. Mtoto anaomba ruhusa tu, kwa sababu amezoea kwamba kila uamuzi uko kwa mwalimu.

Marekebisho yalianzia kwenye andalio la somo, yaani mpango wa kipindi. Safu ya vitendo vya mwanafunzi wengi wetu huijaza "kusikiliza, kujibu maswali, kunakili". Ukiandika hivyo, umeshampangia kukutegemea kabla hujaingia darasani. Nikaanza kuijaza safu hiyo kwanza, ndipo nifuate ya mwalimu, nikitumia vitenzi vinavyoonekana: kupima, kukagua jibu, kumweleza mwenzake njia aliyopita. Muda niliugawa hivi: utangulizi dakika 5, maarifa mapya 10, kuimarisha maarifa 18, tafakuri 5, hitimisho 2. Zile 18 ni zao. Mwalimu hashiki chaki.

Lakini mtoto hawezi kuacha kuuliza "hii ni sawa?" kama hana njia nyingine ya kujua. Hapa ndipo penye kazi kubwa. Mada ilikuwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, na kosa lake linajulikana: 1/2 + 1/3 = 2/5, yaani kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Badala ya kupiga mkasi (alama ya kukosa), nilitumia rula ya sentimita 30. Nusu yake ni 15. Theluthi ni 10. Chora mistari hiyo miwili ikiungana, pima yote: 25, ambayo ni 5/6 ya 30. Sasa mwambie apime 2/5 ya 30. Anapata 12. Ameanza na 15, akaongeza, akaishia na 12! Hapo huhitaji kumwambia kitu. Mwenyewe anafuta na kurudi kutafuta KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) ya asili hizo.

Rula moja kwa dawati la watatu inatosha. Sentimita 30 zinafaa kwa asili 2, 3, 5, 6 na 10. Ukileta 4 au 8, tumia mstari wa sentimita 24, la sivyo watakwama kwenye desimali na somo litapotea. Jumla ikizidi urefu wa rula, kama 1/2 + 2/3 inayofika 35, usiwakataze: wamekutana na sehemu iliyozidi kizima. Kinachoharibu zaidi ni kuanza kupimia kwenye ukingo wa rula au kwenye 1 badala ya 0. Kosa hilo lioneshe ubaoni mapema.

Msaada nao hauondolewi kwa siku moja. Mimi niliruka kutoka mfano kamili hadi swali tupu, na nyuma ya darasa wakabaki kunakili majibu ya wa mbele. Ilibidi nirudi hatua kwa hatua: kipindi cha kwanza nakokotoa yote huku nikisema kwa sauti ninachofikiri; cha pili naacha mistari miwili ya mwisho wazi; cha tatu naandika mstari wa kwanza pekee; cha nne ndipo swali tupu.

Katika kuuliza, uliza kwanza, nyamaza, ndipo utaje jina. Ukitaja jina mwanzoni, wengine 73 wanapumzika. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde moja hivi. Mimi nahesabu hadi tano moyoni. Ukimya huo unatisha ukiwa mgeni darasani, hasa mkufunzi wa chuo akiwa amekaa nyuma na fomu yake ya tathmini, lakini ndipo mikono ya wale wasionyoosha huanza kuonekana.

Kwenye dawati la watatu, mmoja anapima, mmoja anaandika, mmoja anauliza "kwa nini?", na wanabadilishana kila swali. Wasipobadilishana, mwenye akili ya haraka atafanya zote. Madawati 25 kwa dakika 18 ni kama sekunde 40 kila moja, kwa hiyo nauliza "umejuaje?" naondoka. Mikono naiweka nyuma nisishike kalamu ya mtoto. Penye kosa naweka nukta pembeni ya mstari husika. Kulitafuta ni kazi yake.

Asiyejua kusoma vizuri swali, usimwachie bango la maelekezo ukaita hiyo kujitegemea. Msomee, au mketishe na anayesoma, kisha hesabu aifanye mwenyewe.

Mweleze mapema mwalimu wa somo, umwoneshe na andalio, maana sauti za watoto wakibishana hupita dirishani na ofisini zinasikika kama darasa lisilo na mwalimu.

Maswali hayakuisha, yalibadilika. "Mwalimu, mstari huu kwa rula yangu ni 25, kwa rula yake ni 24. Tumepima mara mbili." Rula ya kwanza ilikuwa imekatika, inaanzia kwenye 1.