Siku moja maishani mwangu: mkalimani kwenye nguzo za mawe za Zhangjiajie

Saa 11:00 alfajiri

Nikiwa Wulingyuan, sehemu ya Zhangjiajie zilipo nguzo hizo, kitu cha kwanza ninachofanya nikiamka ni kufungua dirisha na kutazama ukungu umekaa wapi. Ukiwa umelala bondeni, juu kutakuwa kweupe na wageni wataona vilele vimechomoza juu ya mawingu. Ukiwa umefunika vilele, afadhali kuanza na bonde na kupanda mchana. Ratiba nzima inategemea hilo. Leo ulikuwa bondeni, kwa hiyo nikamwandikia dada mwongoza watalii kwenye WeChat: tunaanzia juu, mlima Tianzi. Akajibu papo hapo kwamba naye ameona.

Kwa wasionijua, ninaishi Changsha, makao makuu ya jimbo la Hunan nchini China, nilikokuja kusoma nikabaki kufanya ukalimani. Wateja wangu wengi ni Watanzania na Wakenya wanaofuata mitambo ya ujenzi, maana viwanda vikubwa vya mitambo hiyo viko Changsha. Wakishamaliza biashara, wenye siku ya ziada huomba waone Zhangjiajie, iliyo kaskazini-magharibi mwa jimbo hilohilo. Huko kuongoza ni kazi ya mwenyeji mwenye leseni. Yangu ni kuhakikisha maneno yake yanafika kwa wageni yakiwa mazima.

Safari hii nina mzee mkandarasi kutoka Iringa, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbeya aliyekuja na binti yake, na vijana wawili wa Mombasa wanaokodisha mitambo.

Saa 12:00 asubuhi

Kifungua kinywa ni kazi kama kazi nyingine. Watu wa Hunan hula pilipili tangu asubuhi, na bakuli la tambi za mchele mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe au mafuta yake. Vijana wa Mombasa ni Waislamu, kwa hiyo jana usiku nilishatafuta mgahawa wa tambi wa Waislamu wa Kihui. Migahawa hiyo imeenea karibu kila mji wa China, na inaniokoa sana. Mama wa Mbeya aliomba chai ya maziwa. Haikuwepo, akanywa maji ya moto kama wenyeji na kusema yanatosha.

Saa 1:00

Langoni pasipoti zinahitajika, za kila mtu, si picha kwenye simu. Tiketi ya kuingilia ni ya siku nne, na mabasi ya ndani ya hifadhi yamo humohumo, ila gari la nyaya na lifti hulipiwa kando. Huwa nawaeleza wageni mambo haya kabla hatujafika dirishani, kwa sababu mtu aliyetoka kujadili bei ya greda wiki nzima hapendi kushtukizwa na malipo.

Kwenye basi dada mwenyeji alijitambulisha. Yeye ni Mtujia. Watujia, pamoja na Wabai na Wamiao, ndio wenyeji wa milima hii tangu zamani. Alipowaona watu wangu akainamisha kichwa kidogo kwa mzee wa Iringa. Mzee akaniuliza anamwitaje. Nikamwambia, "Mwite daoyou tu, mzee, yaani mwongoza watalii." Akatikisa kichwa: "Hapana, huyu ni mwanangu kama wewe." Nikamfikishia hilo hivyohivyo, dada akacheka kwa furaha.

Saa 2:00

Gari la nyaya la Tianzi lina urefu wa zaidi ya kilomita mbili. Dakika za mwanzo hakuna kitu, ni weupe mtupu na sauti ya nyaya. Kisha unatokea ukuta wa jiwe ubavuni, karibu mno, wenye misonobari iliyoota mahali ambapo huoni hata konzi ya udongo. Kisha mwingine nyuma yake. Kisha kibanda kinatoka kwenye ukungu na zote zinaonekana kwa pamoja.

Nimeshajifunza kunyamaza hapo. Dada naye hunyamaza. Binti wa Mbeya alishika mkono wa mama yake, na hakuna aliyetoa simu mpaka tulipokaribia kituo cha juu.

Saa 3:00

Eneo lote la Wulingyuan lina nguzo na vilele zaidi ya 3,000, na nyingi zinazidi mita 200 kwenda juu. Mwaka 1992 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kutoka Tianzi unaziona zikiwa zimejipanga chini yako mpaka macho yanaposhindwa.

Jina Tianzi maana yake ni Mwana wa Mbingu, cheo cha mfalme mkuu wa China. Hapa alijitwalia cheo hicho Mtujia aitwaye Xiang Dakun, aliyeongoza wakulima kuasi katika karne ya 14. Masimulizi yanasema aliposhindwa alijitupa na farasi wake kwenye korongo la Shentang, na kwamba siku za mvua wenyeji husikia ngoma na vishindo vya kwato vikitoka huko chini. Dada alisimulia kwa sauti ya mtu anayezungumzia babu zake, nami nikajitahidi kutafsiri kwa sauti hiyohiyo. Hatua chache kutoka hapo kuna bustani na sanamu ya Marshali He Long, mwanajeshi wa mapinduzi aliyezaliwa mwaka 1896 wilaya ya Sangzhi, jirani kabisa na mlima huu. Kwa hiyo ni mlima wenye kumbukumbu za waasi wawili, na wenyeji wanajivunia wote.

Lakini mzee wa Iringa hakuwa akisikiliza habari za wafalme. Alikuwa ameegemea kizuizi, jicho moja amelifumba, mkono ameunyoosha mbele kama anayepima.

"Binti," akaniita, "mwambie mwenzio hizi kozi zimelingana."

Sikuelewa. Akanionyesha. Kwenye kila nguzo kuna mistari ya ulalo, tabaka juu ya tabaka, kama kozi za matofali. Mstari mmoja mweusi ulio kwenye nguzo ya karibu ukiufuata kwa macho unaukuta nguzo ya pili, usawa uleule, na ya tatu, na ya ng'ambo ya bonde. "Pimamaji ikiwekwa hapa itasoma sawa mpaka kule. Huu ulikuwa ukuta mmoja."

Nilipomfikishia dada, aliacha maelezo yake ya kawaida. Akasema huyu mzee ameona jambo ambalo wageni wengi hupita bila kuliona, kisha akatueleza taratibu.

Takriban miaka milioni 380 iliyopita, katika kipindi cha Devoni, hapa palikuwa bahari ya kina kifupi. Mito ilileta mchanga wa kwatsi, madini magumu yaleyale yanayoambatana na mawe ya dhahabu huko kwetu, ukatandikwa chini ya maji tabaka kwa tabaka, ukagandamana hadi kuwa mwamba wenye unene wa zaidi ya mita 500. Baadaye nchi nzima ikainuliwa, lakini ikainuliwa kwa utulivu, ndiyo maana tabaka hazikupinda. Zilipasuka tu, nyufa zikisimama wima na kukatana. Maji ya mvua yakaingia kwenye nyufa. Majira ya baridi yakaganda na kutanuka, yakausukuma mwamba. Mizizi nayo ikafuata maji. Vipande vikadondoka, mito ikavibeba. Uwanda ukawa kuta, kuta zikawa nguzo.

Hilo ndilo ninalotaka kila mgeni wangu aondoke nalo. Ukisimama pale unadhani nguzo ziliota kutoka chini. Hazikuota. Juu ya nguzo ndiko kulikokuwa ardhi ya zamani, na kilichobadilika ni kila kitu kilichokuwa kati yake, ambacho kimeondoka. Unatazama pengo, na nguzo ni mabaki. Ukishaelewa hivyo, huwezi tena kuutazama mlima huu kama pambo.

Saa 5:30

Basi la kwenda Yuanjiajie, kona nyingi. Nilikaa nyuma na mama wa Mbeya aliyekuwa akisikia kichefuchefu, nikampa tangawizi. Kituoni wanawake wa Kitujia wanauza mahindi na viazi vidogo vya kuchoma vilivyonyunyizwa pilipili. Tukala hivyo, tukashiba.

Saa 7:00 mchana

Vijana wa Mombasa waliomba nafasi ya kuswali adhuhuri. Dada alijua kibaraza pembeni mwa njia, kisichopitiwa na watu wengi, nasi wengine tukasubiri mbele kidogo tukilinda mifuko, maana nyani wa hapa huvuta mfuko wowote wenye harufu ya chakula. Tafadhali msiwalishe. Wameshazoea kunyang'anya kwa sababu wageni waliwazoesha.

Yuanjiajie ndiko kwenye daraja la asili la jiwe, bamba la mwamba lililobaki juu baada ya sehemu ya chini kudondoka, na ukichungulia kutoka ukingoni bonde liko zaidi ya mita 300 chini. Ndiko pia kwenye ile nguzo inayopigwa picha kuliko zote, iliyokuwa ikiitwa Nguzo ya Mbingu ya Kusini. Mwezi Januari 2010 wakuu wa eneo waliipa jina jipya linalotokana na filamu ya Avatar, iliyokuwa imetoka mwezi mmoja kabla. Wachina wengi hawakupendezwa, na mimi niko upande wao. Jina la zamani linakuambia kitu kuhusu watu walioishi chini ya jiwe hili. Jipya linakuambia kuhusu jumba la sinema. Bila shaka limeleta wageni wengi, na wauza viazi wanaishi kwa wageni, hilo nalikubali. Lakini kwenye tafsiri yangu nalitanguliza la zamani, kila mara.

Msongamano ulikuwa mkubwa. Tulipiga picha haraka tukaondoka.

Saa 8:30

Lifti ya Bailong imeshikizwa kwenye uso wa mwamba, urefu mita 326. Kati ya hizo, mita 154 zimo ndani ya mwamba uliochimbwa na 172 ni mnara wa chuma ulio nje. Ilifunguliwa mwaka 2002. Chini ya dakika mbili unafika bondeni. Mzee wa Iringa na vijana wa Mombasa walikuwa na maswali kuliko ninavyoweza kuandika hapa: vifungo vimezamishwa kiasi gani, upepo ukivuma je, nani hukagua. Dada alijibu aliyoyajua, mengine akampigia simu mwenzake.

Mama wa Mbeya yeye aliuliza swali moja tu: "Walikuwa na haja gani ya kuutoboa?" Ni swali ambalo Wachina wenyewe wamelijadili sana. Mwaka 1998 UNESCO ilionya kwamba hifadhi imezidiwa na majengo ya utalii, na baadaye hoteli na nyumba nyingi zilizokuwa ndani zilivunjwa na watu wakahamishwa. Ninapomwona bibi wa miaka themanini akishuka salama kutoka juu naifurahia lifti. Ninapoona ule mnara kwenye jiwe lililochukua muda wote ule kufika hapo, moyo unaniuma. Yote mawili ni kweli kwangu, na nilimwambia mama hivyo.

Saa 9:15 alasiri

Mama na binti yake walichoka, wakatangulia na basi. Sisi wengine tukaingia kwa miguu kwenye njia ya Kijito cha Mjeledi wa Dhahabu, kwa Kichina Jinbian Xi. Naona hiki ndicho kiini cha ziara, na kinachonisikitisha ni kwamba vikundi vingi hukiruka kwa kukosa muda. Juu unaona kilichobaki. Huku chini unaiona kazi yenyewe inavyofanyika.

Maji ni maangavu, yanafika magotini tu. Njia ni tambarare, imetandikwa mawe, na msitu umefunga pande zote. Msitu huu nao una historia yake: mwaka 1958 palianzishwa shamba la misitu la serikali, na wafanyakazi wake ndio walioyatunza mabonde haya kwa miaka mingi kabla mtalii yeyote hajayasikia, mpaka mwaka 1982 pakatangazwa kuwa hifadhi ya kwanza ya taifa ya misitu katika China nzima. Wazee wale ningependa watajwe zaidi ya filamu.

Katikati ya kijito kuna majabali makubwa kama lori. Mzee alisimama kwenye mojawapo, akaweka kiganja, akasugua. Chembe za mchanga zikabaki mkononi mwake.

"Isimila," akasema.

Nikajua anachofikiria. Isimila ni karibu na Iringa mjini, korongo lenye nguzo ndefu za udongo na zana za mawe za watu wa kale. Nako mchanga na matope vilitandikwa chini ya maji ya ziwa la zamani, kisha mto ukakata na kuacha nguzo. Tofauti ni ugumu. Nguzo za Isimila ni laini, mvua moja kubwa inaweza kuondoa sehemu unayoiona. Hizi za hapa ni kwatsi iliyoshikamana, kwa hiyo zinasimama mita mamia na miti juu yake. Nilimtafsiria dada, naye akataka kuona picha. Mzee alikuwa nazo kwenye simu, za wajukuu wake wakiwa wamesimama kati ya nguzo. Wakakaa juu ya jiwe wote wawili, wakipeana simu: yeye akimwonyesha Isimila, dada akimwonyesha kijiji cha mama yake upande wa Sangzhi. Kwa muda mrefu hawakunihitaji.

Mbele zaidi tulipita Mwamba wa Mjeledi wa Dhahabu wenyewe, zaidi ya mita 300, pembe zake zimenyooka kama zimepigwa timazi. Jua la jioni likiugusa unageuka manjano.

Saa 12:00 jioni

Gari lilitungoja kwenye lango la hifadhi ya misitu, kwa kuwa njia ya kijito inakutoa upande mwingine na ulioingilia. Mnaopanga kwenda, panga gari mapema. Usiku ukiingia kupata usafiri wa kurudi Wulingyuan ni tabu.

Saa 2:00 usiku

Chakula cha usiku: samaki, uyoga wa mlimani, wali. Mezani nilieleza ya kesho. Tunakwenda mlima Tianmen, ulio karibu na mjini Zhangjiajie, na wageni wengi hudhani ni mwendelezo wa haya tuliyoyaona leo. Sivyo. Tianmen ni chokaa. Chokaa huyeyushwa na maji polepole, ndipo hutokea mapango na matundu, na pale kuna tundu kubwa linalopenya mlima mzima, urefu wake kwenda juu ni mita 131. Mzee alitaka kujua kama tutaweza kusimama ndani yake. Nikamwambia ndiyo, ila ni ngazi 999. Akasema atapanda.

Tiketi zetu za kuingia ni za saa mbili kamili asubuhi, kwa hiyo nimewaomba wote wawe mapokezi saa kumi na mbili na nusu, mizigo ikiwa imefungwa na pasipoti mkononi.