Semina ya Dakika 40

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na alikuwa ameshukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ambao sisi watu wa Moshi tunauita wetu ingawa wengi wetu ndege tunaziona zikipita juu tu. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufunga shule kuanzia awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Wakati huo nilikuwa sekretari wa shule moja ya msingi ya binafsi hapa mjini, hizi za inglishi midiamu zenye basi la mstari wa njano. Hizo siku 30 tuliziamini. Katikati ya Aprili zikaongezwa bila kutajwa mwisho, na hapo ndipo Mkuu wetu wa shule alipoanza kutafuta semina.

Semina kwa mtumishi wa Tanzania ni kitu kinachoeleweka. Kuna ukumbi, kuna chai ya saa nne na sambusa, kuna karatasi ya kusaini mahudhurio, na kuna posho, hata ikiwa ya nauli tu. Hii iliyotangazwa kwenye grupu la WhatsApp la shule haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Ilikuwa na linki. Bando ujinunulie, na huku mshahara wa Machi ulitoka nusu na wa Aprili ukabaki kuwa ahadi, maana shule binafsi inaishi kwa ada, na mzazi ambaye mtoto wake yuko nyumbani halipi ada. Mwalimu mmoja alijibu tangazo kwa kikatuni cha mtu anayelia. Mkuu alijifanya hakukiona.

Tangazo lilisema semina ni ya "wafanyakazi wote". Nadhani Mkuu aliandika hivyo kwa mazoea, kama anavyoandika matangazo ya vikao vya kufungua muhula. Lakini mpishi, matroni, mlinzi na dereva walilisoma kama lilivyoandikwa, wakaanza kunipigia kuuliza hiyo linki inafunguliwaje. Mimi ndiye niliyekuwa mwenye mkutano, kwa sababu kompyuta ya ofisi ndiyo iliyokuwa na intaneti ya uhakika. Kazi yangu ilikuwa kuwafungulia watu mlango kutoka kwenye chumba cha kusubiri na kuwazimia maiki waliosahau.

Tulitumia Zoom ya bure, ambayo wakati huo mkutano wa watu watatu na kuendelea ukifika dakika 40 ulikuwa unajifunga, kila mtu anatoka, anaingia upya. Wengine waliona ni usumbufu. Mimi niliupenda ukomo huo tangu siku ile, na laiti vikao vyetu vya walimu vingekuwa na kitu cha kuvikata namna hiyo.

Ilikuwa Jumamosi ya Mei, masika yakiwa yamekolea. Mvua ya Moshi ya mwezi huo ikianza kupiga bati, hata mtu aliye meza ya pili humsikii, seuze aliye Dar es Salaam. Mwezeshaji alikuwa Dar es Salaam, kijana mchangamfu, nyuma yake pamejaa vitabu. Saa nne kamili akasema tuanze, na hapo ndipo alipojifunza kwamba yuko Kilimanjaro. Kila mwalimu aliyeingia alisalimia. Aliyekuwa mdogo alimpa shikamoo Mkuu, akampa mwalimu wa Hisabati ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, akampa mpishi ambaye wote tunamwita Mama. Kila shikamoo ikaitikiwa, na kila aliyeitikia akauliza habari za nyumbani, za mvua, na kama malimao bado yanapatikana sokoni Mbuyuni, maana siku zile za kujifukiza, malimao yalipanda bei. Kijana akaomba kwa adabu kwamba salamu ziandikwe kwenye sehemu ya ujumbe ili kuokoa muda. Kimya kikapita. Kisha mwalimu wa Hisabati akasema, "Sasa mwanangu, shikamoo ya kuandikwa nitaiitikiaje?" Salamu zikaendelea. Tulipomaliza, dakika 10 na ushee zilikuwa zimekwenda, na sidhani kama zilipotea. Mtu aliyekuwa peke yake ndani tangu Machi alikuwa anazihitaji.

Sehemu ya kwanza ya semina ilikuwa ya vifaa: namna ya kufungua darasa la mtandaoni, namna ya kupakia video fupi, namna ya kutunga maswali yanayojisahihisha yenyewe. Walimu waliandika kila kitu kwenye madaftari, hata rangi za vitufe. Sehemu ya pili ilikuwa bora zaidi, na nasikitika kwamba wengi walikuwa wameshachoka. Alisema somo la nyumbani lisiwe kipindi cha darasani kilichohamishwa. Kila somo libebe lengo moja tu. Mtoto aanze kwa kuona mfano uliokwisha kufanywa hadi mwisho, ndipo apewe maswali machache ya kufanana na mfano huo, ndipo aje na moja linalomtaka afikiri. Na mzazi asipewe kazi ya kufundisha, apewe kazi ya kulinda muda: amkalishe mtoto, aangalie saa, asaini. Hilo la mzazi nililiandika pembeni ya daftari langu la ada, mahali ambapo kwa kawaida naandika "kaahidi mwisho wa mwezi".

Daftari hilo ndilo lililonifanya nianze kukosa raha. Kijana aliwaomba walimu waandike kwenye ujumbe ni wanafunzi wangapi nyumbani kwao kuna simu janja. Majibu yakaanza kuingia: asilimia 80, asilimia 90, "karibu wote". Walikuwa wanakisia kwa kuangalia viatu. Mimi nilijua nani ana kitochi, kwa sababu kumbusho la ada nilikuwa nalituma WhatsApp kwa wenye nayo na meseji ya kawaida kwa wengine, na orodha ya meseji ya kawaida haikuwa fupi. Tena hata hao wenye simu janja, simu ilikuwa ya baba, na baba yuko Mererani kwenye tanzanite, mtoto yuko kwingine. Lakini sekretari hakatizi semina ya walimu. Nikaendelea kufungua milango.

Aliyekatiza ni dereva. Dere, kama tulivyomwita, alikuwa kwenye kiti chake cha usukani, basi likiwa limeegeshwa uwanjani chini ya dirisha langu, kwa hiyo mvua ilipopungua sauti yake ilinifikia mara mbili, kwanza kupitia dirishani, halafu kwenye spika.

"Samahani walimu wangu," alisema. "Naomba kuuliza. Hao watoto mnajua wako wapi?"

Mwalimu wa darasa la nne akajibu kwamba wako nyumbani.

"Nyumbani wapi, Madam? Wale wa Pasua nusu wamepelekwa kijijini mgombani. Wale mapacha wanaoshukia Kiboroloni wako Tarakea kwa bibi yao. Yule wa Soweto anayetapikaga kwenye basi yuko Kibosho, na huko aliko mtandao mpaka upande juu ya kilima."

Akaendelea, kituo kwa kituo, bila karatasi. Alijua kwa sababu wazazi walikuwa wanampigia kuuliza basi litarudi lini, na kwa sababu tangu basi liliposimama alikuwa anapata vibarua vya kushusha mizigo sokoni Mbuyuni, na Mbuyuni ukikaa asubuhi moja mji wote unapita mbele yako. Alikuwa amefika Rau aliposema, "Huyu wa Rau mama yake ana simu nzuri, ila..." Zoom ikafunga.

Tuliporudi, Mkuu hakumrudishia kijana kipindi chake. Alisema, "Dada, njoo na daftari lako. Na Dere apande huku ofisini." Tukakaa wawili mbele ya kompyuta moja, na dirisha wazi kwa ajili ya ugonjwa, tukasoma orodha ya darasa la nne na la saba, yale yenye mitihani ya taifa, mtoto mmoja mmoja: yuko wapi, kwa nani, simu gani. Nampa kijana heshima yake: wawezeshaji wengi wangeng'ang'ania kumaliza mada yao. Yeye alifunga picha zake za vitufe akasema tuache vifaa, tubaki na umbo la somo, liende kwenye karatasi.

Hapo ndipo semina ilipoanza hasa. Alimtaka kila mwalimu asome somo aliloliandaa, na kila mara alimuuliza swali lile lile: mtoto akikumbuka kitu kimoja tu hapa, kiwe kipi? Madam wa Sayansi alikuwa na kurasa nne za mmeng'enyo wa chakula, kuanzia mdomoni mpaka mwisho wa safari. Alitetea kila ukurasa. Mwishowe alibaki na meno na mate, akasema kwa hasira kidogo kwamba tumbo litasubiri wiki ijayo. Mwalimu wa Hisabati alikuwa na maswali 30 ya sehemu na hakuna mfano hata mmoja. "Hesabu ni mazoezi," alisema, na mimi kwa upande wangu naona hakukosea. Walivutana mpaka wakakubaliana mfano mmoja na maswali nane, na mfano ukawa wa ndizi: mama ana chane, robo ya chane ni ndizi ngapi? Ndizi 12 kugawa kwa nne, tatu.

"Mwalimu," ilikuja sauti ya mpishi, ambaye tulidhani ameshatoka, "chane ina ndizi 12 ya nani? Nyingine ina 15, nyingine ina 18. Mtoto wa mgombani ataenda kuhesabu, atakuambia umekosea."

Kijana wa Dar alicheka mpaka akaondoka kwenye kioo. Swali likaandikwa upya: "Mama ana chane yenye ndizi 12." Halafu mwalimu wa Hisabati mwenyewe akaongeza la mwisho: nenda mgombani, hesabu ndizi za chane moja, je, robo yake inapatikana bila kukata ndizi? Nusu yake je? Katika karatasi zote tulizotoa miezi ile, sikumbuki swali bora kuliko hilo, na lilitungwa na watu watatu ambao katika hali ya kawaida hawakai meza moja.

Kazi iliyofuata ya kupiga simu nilipewa mimi, na ilishindikana siku ya kwanza. Namba ya ofisi wazazi waliijua kuwa ni namba ya ada. Ikiita, haipokelewi. Wengine walikuwa wameihifadhi kwa jina hilo hilo, "Ada". Namba ya Dere ilikuwa inapokelewa mlio wa kwanza, kwa sababu kwa miaka yote akipiga yeye ni habari ya mtoto: basi limeharibika, mtoto kasahau begi, mtoto ana homa. Tukabadilishana. Yeye akapiga, mimi nikaandika.

Kila Jumatatu basi lilizunguka Pasua, Majengo, Soweto, Rau, Kiboroloni, likiacha bahasha kwenye duka au genge lililokubaliwa. Za Rombo na Marangu tulimpa konda wa mabasi ya huko, kama watu wanavyotuma vifurushi siku zote. Tatizo lilikuwa mvua. Mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na bahasha ya kaki haiwezani na masika ya mlimani. Dere akakata turubai kuukuu vipande vipande.

Sitaki kuipamba kazi ile. Bahasha nyingine hazikurudi. Nyingine zilirudi zimejibiwa zote sawa kwa mwandiko wa mtu mzima, tena mwandiko mzuri. Wa awali na darasa la kwanza hatukuwafikia kwa chochote cha maana, maana mtoto ambaye hajajua kusoma karatasi itamfaa nini. Wale waliofuatilia vipindi vya masomo vya redio na televisheni, hao walikuwa na bahati yao. Lakini mtoto wa Tarakea alituandikia kwamba chane aliyoihesabu ina ndizi 17 na haigawanyiki, na mwalimu wa Hisabati akaibandika karatasi hiyo ukutani ofisini kwake.

Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, sisi wengine tarehe 29. Shule ikajaa kelele, ndoo za kunawia zikapangwa mstari getini, basi likarudi barabarani. Katikati ya Julai Mkuu akaandaa semina nyingine na kijana yule yule, safari hii kuhusu tathmini. Orodha ya mahudhurio niliichapa mimi, na ilikuwa na safu iliyoandikwa "somo unalofundisha".

Mpishi alipita ofisini kuuliza kama kuna linki. Nikamwambia, "Mama, hii ni ya walimu."

"Na ile ya ndizi ilikuwa ya nani?" akauliza, akarudi jikoni kuangalia maharage.