Nilivyoyapanga madaftari ya Mwalimu

Mwalimu, kocha wetu wa mpira shuleni, hakuwa mtu wa tarehe. Aliandika "Jumamosi", aliandika "uwanja umelowa", aliandika kikosi kizima hadi wa akiba, lakini mwaka haumo popote. Nadhani hakutegemea kwamba siku moja mtu atakuja kuuliza.

Aliyekuja kuuliza ni mimi. Wiki chache baada ya msiba, binti yake alinipigia simu. "Kaka, kuna sanduku la baba hapa. Wenzangu wanasema litupwe, mimi moyo umekataa." Ndani nilikuta madaftari 14, filimbi mbili na glavu moja ya kipa, ya kushoto. Shule ilikuwa inaandaa mechi ya kumkumbuka, na mkuu wa shule alitaka kurasa mbili tatu kuhusu ukocha wake: alianza lini, alipitisha vizazi vingapi, alichukua vikombe vingapi. Nikajibu kwa majigambo kwamba hiyo ni kazi ya wiki moja. Ilinichukua miezi mitano.

Nilianza na mwandiko. Nilijiambia kwamba mkono wa ujana unanyooka na wa uzeeni unatetemeka, kwa hiyo nitayapanga kwa kutazama tu. Kumbe Mwalimu alikuwa na miandiko miwili maisha yake yote, wa kabla ya mechi na wa baada ya kufungwa. Nikapoteza wiki mbili.

Nikahamia kwa wachezaji wa zamani. Hapo ndipo nilipoona kumbukumbu za mpira zilivyo. Watu 19 waliniapia kwamba walikuwa uwanjani kwenye ile fainali tuliyoshinda kwa penalti, na wanne kati yao walipiga penalti ya mwisho. Sikubishana nao. Nilimimina chai, nikaandika kila kitu, na nyumbani nikakata karibu chote.

Mlango ulifunguka usiku mmoja nilipokuwa nimechoka kabisa. Kwenye daftari lenye jalada lililochanika kulikuwa na mchoro wa safu ya mabeki, na chini yake: "Sawa na beki = ameotea." Mstari huo umekatwa kwa wino mwingine, na juu yake kumeandikwa: "Sawa = hajaotea!" Nikakaa wima. Kanuni ya kuotea (offside) ilibadilishwa mwaka 1990. Kabla ya hapo mshambuliaji aliyekuwa sambamba na beki wa mwisho alihesabiwa ameotea. Kwa hiyo mchoro ulikuwa wa zamani, na masahihisho hayakuweza kuwa ya kabla ya 1990. Mwalimu hakuandika miaka, lakini sheria za mpira zilikuwa zimemwandikia.

Tangu usiku huo nilisoma madaftari kama refa. Palipoandikwa "ukibanwa mrudishie kipa audake", nilikuwa nyuma ya 1992, mwaka ambao kipa alikatazwa kudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Kwenye daftari linalofuata makipa wanapewa zoezi la kupokea mpira kwa mguu, siku tatu kwa wiki, na pembeni kuna neno "msiba" limepigiwa mstari. Mchoro wa kuanza mpira ambao mshale unarudi nyuma kwa kiungo ni wa 2016 au baadaye, kwa sababu zamani mpira wa kuanzia lazima uende mbele. Na beki anayesimama ndani ya boksi kupokea goli kiki ni wa 2019 kwenda mbele.

Kuna mtego mmoja nitautaja, maana uliniangusha. Kanuni mpya ikionekana, una hakika ukurasa haukuandikwa kabla ya mwaka wa kanuni hiyo. Kanuni ya zamani ikionekana, usikimbilie kusema lolote, kwa kuwa habari huchelewa kufika kwenye viwanja vya shule. Pointi ndizo zilizonidanganya zaidi. Nilikuta misimamo ya ligi yenye pointi 2 kwa ushindi, mingine pointi 3, nikafurahi: Kombe la Dunia lilianza kutoa pointi 3 mwaka 1994. Lakini Uingereza walikuwa nazo tangu 1981, na waandaaji wa mashindano ya shule walichagua walivyotaka. Daftari moja lina zote mbili ndani ya msimu mmoja. Pointi nikaziweka kando.

Kanuni zilinipa nguzo, kuta nikajenga kwa majina. Mwanafunzi hakai shuleni milele. Jina linaingia kama wa akiba, linapanda kuwa beki, linapewa unahodha, kisha linapotea. Nilikata karatasi ndogo, jina moja kila karatasi, nikazitandaza sakafuni, na madaftari yakaanza kushikana kama matofali: nahodha wa hili ni yule mtoto wa mwisho kwenye orodha ya lile. Mawili tu yalikataa kukaa; moja lilikubali nilipogundua kwamba aliligeuza na kulianza upya kutoka nyuma, miaka mingi baadaye, ili asinunue jingine.

Vikombe vilikuwa sita. Mkuu wa shule alifurahi.

Mimi kilichonishika ni maduara. Pembeni ya baadhi ya majina, kila mechi, kuna duara dogo la penseli. Ilinichukua muda kuelewa kwamba duara ni mchezaji ambaye hakuingia uwanjani kabisa. Nilipoyafuata kutoka ukurasa hadi ukurasa, nikaona hayazidi mawili mfululizo. Mechi ya tatu lazima mtoto acheze, awe na miguu miwili ya kushoto, iwe nusu fainali. Na kweli iko nusu fainali moja ambayo winga wake bora alianza benchi kwa sababu ya duara la mtu mwingine. Tulifungwa. Nakumbuka maneno aliyotupiwa na wazazi siku ile, mengine siwezi kuyaandika. Katika daftari, chini ya matokeo, kuna maneno mawili: "Nimefungwa mimi."

Kisha nikafika kwenye jina langu. Duara, duara, duara, msimu mzima. Na ndani ya kila duara, namba 4.

Sitaficha, niliumia kidogo. Mwaka ule goti langu lilikuwa limevimba na daktari alinizuia kucheza, lakini Mwalimu alinipa jezi na kunipandisha basi kila safari. Siku zote nilichukulia ni huruma. Ile 4 ilinikalia kichwani siku tatu, nikidhani ni alama ya nidhamu au daraja la wachezaji wabovu. Ilinijia nikiwa nanyoa ndevu: hatua! Zamani kipa akishika mpira aliruhusiwa hatua nne tu kabla ya kuuachia. Mwalimu alinikalisha ubavuni kwake na kuniambia, "Hesabu." Nikawa nahesabu hatua za kipa wa wapinzani kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka marefa walikuwa wakigeuka kunitazama. Mara mbili tulipata mpira wa adhabu kwa sababu ya mdomo wangu.

Nilirudi kwenye madaftari mbio, nikatafuta maduara mengine yenye namba. Nikapata mtoto mwenye 6, kwenye daftari nililoshindwa kuliweka. Hatua nne zilifutwa mwaka 2000, zikabadilishwa na sekunde sita. Nilimtafuta kijana huyo, sasa ni baba wa watoto watatu. Nikamuuliza kama anakumbuka alichokuwa akifanya benchi. Hakuniacha nimalize. "Sekunde," akasema. "Mguu ulikuwa na plasta. Alinipa saa yake."

Kurasa za mkuu wa shule niliziandika: kuanzia kabla ya 1990, kumalizikia 2019 au baadaye, vikombe sita. Maduara niliyapa aya mbili, akaomba nizifupishe. Nikakataa.

Siku ya mechi nilikaa mwisho wa benchi. Karibu yangu alikaa mtoto wa akiba, kifundo cha mguu kimefungwa bandeji, uso umenuna. Kipa wa wapinzani akadaka krosi, akaukumbatia mpira, akaanza kuangaza macho huku na huku bila haraka.

"Hesabu," nikamwambia yule mtoto.

"Nihesabu nini, mzee?"

"Sekunde. Tangu 2025 ni nane, akizidisha ni kona yetu. Kwa sauti."

Akanitazama kama mtu aliyepagawa, kisha akaanza. Kipa aliuachia kwenye saba.