Colt ya 1851 iliyokuwa ikipiga juu

Kwetu Tabora bunduki niliyokua nayo machoni ni gobore la babu: unashindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, unachomeka fataki (ile ya kweli, kikofia cha kuwashia baruti, si wale wa kuvizia wanafunzi), kisha unamwomba Mungu. Labda ndiyo maana nilipohamia Texas na kuanza kwenda kulenga shabaha Jumamosi, bastola za kisasa hazikunigusa. Moyo ulikwenda kwa nakala ya Colt Navy, bastola ya fataki ya 1851, iliyogeuzwa itumie risasi za ganda (baruti, fataki na risasi vikiwa kitu kimoja), kazi ya kiwanda cha Uberti cha Italia.

Kugeuzwa huko kuna kisa. Hataza (haki ya uvumbuzi) ya Rollin White, ya silinda, lile gurudumu la matundu ya risasi, iliyotobolewa mpaka nyuma ili risasi ya ganda iingilie huko, ilikuwa mikononi mwa Smith & Wesson, na Colt walibaki na fataki zao mpaka ilipokwisha 1869. Vipuri vya zamani wanavyo tele, watavitupa? Wakakata nyuma ya silinda, wakaweka bamba lenye kilango cha kupakilia, na ubavuni kijiti cha kusukumia maganda. Mwaka 1873 ikaja bastola yao mpya, Single Action Army, ikazifunika zote.

Yangu inatumia risasi za ganda za aina ya .38 Special. Siku ya kwanza, yadi 10, nikalenga katikati ya duara, na risasi zote tano zikatua kiganja kizima juu yake. Tano, si sita, kwa sababu nyundo hulazwa juu ya tundu tupu. Ikilala juu ya risasi halafu bastola ikaanguka, inaweza kulia yenyewe. Nikalaumu mkono wangu. Jumamosi ya pili, yaleyale. Ya tatu nikaja na tupa, nimeazimia kukwangua kile kichuma cha kulengea kwenye ncha ya mtutu.

Mzee aliyekuwa meza ya pili aliiona tupa akacheka. Ukikipunguza cha mbele, akaniambia, utainua mtutu zaidi ili ukione, na risasi itapanda zaidi. Nilikuwa karibu kuharibu bastola kwa mkono wangu mwenyewe! Akaniuliza natumia risasi za uzito gani. Greni 158 (greni ni kipimo kidogo cha uzito). Akanipa zake tano za greni 125, na matundu yakashuka karibu nusu ya kile kiganja. Sababu yake naipenda: bastola huanza kuinuka kabla risasi haijatoka mtutuni, na iliyo nyepesi hutoka mapema, mtutu ukiwa bado haujapanda sana. Nusu iliyobaki aliimaliza fundi wa bunduki kwa kunifungia kichuma kirefu zaidi. Cha nyuma hakikuguswa. Ni mkato mdogo juu ya nyundo yenyewe, huuoni mpaka uivute.

Sasa naifaidi. Nyundo nusu, fungua kilango, risasi moja, zungusha silinda kwa kidole, nyingine. Jirani anamaliza magazini mbili mimi bado nasukuma maganda, moja moja. Mwezi uliopita nikajaribu zilizojazwa baruti nyeusi: moshi mweupe ukafunika shabaha, na harufu ikanirudisha uani kwa babu. Masizi yake yanataka maji ya moto na sabuni siku hiyohiyo, la sivyo kutu. Niliuoshea mtutu jikoni, nyumba ikanuka yai viza. Mke wangu hakusema neno. Kesho yake nikakuta beseni jipya gereji, limeandikwa jina langu.