Diski imekufa, faili zangu zipo
Diski ya kompyuta yangu imekufa wiki hii, na sijapoteza hata picha moja. Nimeingia kwenye akaunti yangu kwa kompyuta nyingine, nikakuta kila kitu kipo. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa ya kuhifadhi kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta kubwa (seva) za kampuni, kupitia intaneti.

Ila seva za wingu nazo ni mashine, ziko kwenye majengo. Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya wingu ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wapo wateja waliopoteza data zao moja kwa moja kwa kuwa hawakuwa na nakala mahali pengine. Inauma sana! Mimi nakala ya pili naiweka kwenye diski ya nje. Na kwa vile mwizi akipata nenosiri hahitaji hata kuigusa kompyuta yako, akaunti nimeiwekea uthibitisho wa hatua mbili: mbali na nenosiri, inadai uthibitisho wa pili, kama msimbo kwenye simu.