Waya wa zamani wa TV umefikisha intaneti chumbani kwa Mama

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kupita mkono wangu kuanzia kiwikoni. Ruta yetu ya laini ya simu inakaa dirishani ghorofani, maana hapo tu ndipo inapodaka mnara vizuri. Mama analala chini, chumba cha nyuma. Wi-fi ilikuwa ikimfikia imeshachoka. Akitaka kuonana kwa video na dada yake aliyeko Muscat, ilibidi apande ngazi, na magoti yake si ya ngazi tena.

Nilianza na kile kifaa cha kurusha tena wi-fi, nikakichomeka koridoni. Kikadaka mawimbi dhaifu, kikarusha udhaifu uleule. Kutoboa ukuta nipitishe waya mpya sikuthubutu. Matumbawe yakianza kumeguka hujui yataishia wapi.

Lakini nyumba hii iliwahi kuwa gesti, na kila chumba kina tundu la waya wa TV, ule mweusi wenye uzi wa shaba katikati. Nikaagiza jozi ya adapta za MoCA, vifaa vya kupitisha intaneti kwenye waya wa TV. Moja inaungwa kwenye ruta, nyingine mwisho wa waya, na intaneti inapita humo kwa masafa ya 1125 hadi 1675 MHz.

Siku ya kwanza taa ya waya kwenye adapta haikuwaka. Nikapanda darini na tochi. Nyaya zote zilikutana kwenye spilita moja ya zamani, kigawanyi cha mawimbi ya waya, iliyoandikwa 5–1000 MHz. Ya TV tu hiyo, adapta zinafanya kazi juu ya hapo. Nikaitoa, nikaunga waya wa ghorofani na wa Mama moja kwa moja kwa kiungio. Taa bado. Nikafungua konekta ya chumbani: shaba imeota kijani kwa hewa ya chumvi, na kinywele kimoja cha nyuzi za nje kimeigusa. Nikakata kama sentimita tano, nikamenya upya, nikafunga konekta mpya. Taa ikawaka, ikatulia.

Nakusihi, usitumie waya ambao bado unahudumia dishi. Mawimbi ya dishi hushuka kwa 950 hadi 2150 MHz, yatagongana na ya adapta, na king'amuzi hupandisha volti 13 au 18 kwenye waya huohuo.

Kwa Mama nikaweka ruta ya zamani, nikaizima kazi ya kugawa anwani ili ibaki kwa ruta ya juu. Dirishani napata kasi ya Mbps 34. Kwake zilikuwa 2, sasa 33.

Jioni ile aliongea na dada yake akiwa kitandani, mlango kaurudishia. Kule darini nyaya zilizobaki nimezifunga ncha kwa utepe, na wake nimeuandika kwa wino mzito: INTANETI, USIKATE.